Pembe Nne za Shuka

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hii shikamoo nimekaa nayo mdomoni wiki tano na huku hakuna wa kuipokea, kwa hiyo ipokee wewe yote. Mimi mzima, isipokuwa mikono inachubuka kwa sabuni. Mama magoti yanamsumbua bado? Mwambie asifue akiwa amechuchumaa, kigoda kipo. Na yule mteja wako aliyeleta kitambaa cha mita mbili akataka gauni la mita nne, mmefikia wapi? Na Kifungo, mwanangu? Mbusu shavuni, pale panapobonyea akicheka. Mbusu pande zote mbili asije akalalamika.

Kazi nimepata. Ni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mashuka yakitoka kwenye joto tunayakunja wawili wawili. Kila mtu anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnasogeleana, pembe zinakutana, mmoja anapokea, mnarudi tena. Shuka moja mnakutana uso kwa uso mara tatu. Mwenzangu ni mwenyeji, mwanamke mrefu kama mlingoti. Mimi kimoyomoyo namwita Mrefu. Lugha yao naijua ya kuomba maji na kuulizia njia, na kidogo zaidi. Tukikutana na pembe zetu ananitazama kwenye paji la uso, anachukua shuka, basi.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikwenda ofisini kuulizia habari ya kumleta mtoto. Afisa hakunifukuza. Alisema vinatakiwa vitu viwili. Kwanza cheti cha kuzaliwa cha Kifungo, chenyewe, sio nakala. Pili wenyeji wawili watakaoweka sahihi kwamba wananifahamu. Nikamwambia jirani ananiona kila siku. Akasema, "Sio kukuona. Kukufahamu." Watapigiwa simu, wataulizwa mimi ni mtu gani, nina mtoto au sina, tukikutana tunaongea nini. Na yote yafike kabla Kifungo hajatimiza miaka mitano, tarehe nne Oktoba. Ikipita hapo anahamia foleni nyingine. Hiyo foleni nyingine afisa aliitaja huku akitazama dirishani, nami sikuuliza ni ya miaka mingapi.

Cheti kiko kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni. Nitumie kwa rejista. Hao wenyeji wawili niachie mimi. Tangu lini mimi nikashindwa kuongea na watu?

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hizi nyingine za akiba utumie ukiishiwa. Barua yako ilikaa posta siku tisa kwa sababu karani alikuwa na harusi ya dada yake. Mama hajambo, ila kigoda amekigomea, anasema yeye sio mgonjwa. Mteja wa mita mbili nimemwambia achague mikono au mgongo, vyote havipatikani. Amenuna. Atarudi, nani mwingine atamvumilia?

Kifungo mzima. Amenenepa. Anashinda chini ya meza ya cherehani anapanga vifungo kwa rangi, na sasa wateja anawajibu mwenyewe. Juzi mtu kaja kudai suruali yake, naye katoa kichwa chini ya meza: "Mama hajamaliza, rudi kesho!" Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Jambo moja. Usipige tena simu pale dukani kwa jirani. Siku ile uliyopiga, mtoto alikaa mlangoni mpaka chakula kikapoa, hakugusa. Andika tu, mimi nitamsomea.

Kuhusu huko, mbona hilo jambo rahisi? Salimia watu. Wewe umelelewa vizuri. Mtu ukimwulizia wa nyumbani kwake, mmoja mmoja, mume, watoto, wazazi, atajua una utu na hatakusahau. Vaa pia soksi.

Dada yako


19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Soksi navaa. Mama akigomea kigoda mpe ndoo aigeuze akalie, nayo ni kigoda bila jina hilo. Nashukuru kwa habari za Kifungo. Ile ya chini ya meza nimeisoma mara nyingi. Nadhani ulikuwa na haraka ukaruka neno, ulitaka kuandika "Mama Mkubwa hajamaliza". Si kitu, hata mimi naruka maneno.

Nilifuata ushauri wako. Asubuhi ya Jumatatu, shuka la kwanza, tulipokutana nikamwambia Mrefu, "Habari za nyumbani?" Akashtuka, akasema nzuri. Shuka la pili, "Mume hajambo?" Akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu nianze kazi. Nikafurahi, nikajua mlango umefunguka. Shuka la tatu, kwa tabasamu langu lote, nikauliza, "Na watoto, hawajambo?"

Dada, aliachia pembe. Shuka jeupe la hospitali likaanguka kwenye sakafu ya maji. Msimamizi akapiga kelele. Mrefu alikwenda akasimama meza ya foronya, ambako mtu anakunja peke yake, na hajarudi. Sasa mimi nalisha mashine mashuka na mashine haisalimiwi.

Sijui nilisema nini. Neno kwa neno nilisema sawasawa, nimelirudia nyumbani mbele ya kioo.

Nimeanza kuchunguza wao kwa wao wanaongea nini. Ni hali ya hewa, dada! Watu wazima na akili zao. "Leo kuna upepo." "Upepo kweli." "Jana haukuwepo." "Haukuwepo kabisa." Halafu wanaachana wameridhika kama waliopeana zawadi. Kwetu mtu akikuambia kuna upepo unamuuliza kama ana homa.

Cheti hakijafika. Hukukitaja kwenye barua yako. Najua posta inachelewa.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amekubali ndoo, usimwambie mtu kwamba ilitoka kwako. Kazi ni nyingi, sare za shule zote zimekuja kwa mpigo na sindano ya cherehani imevunjika mara mbili. Kifungo alikuwa na mafua, yamekwisha. Amejifunza kutunga uzi kwenye sindano, macho yake makali kuliko yangu.

Pole kwa huyo Mrefu wako. Watu wengine ndivyo walivyo. Lakini nikuulize mdogo wangu, na usinielewe vibaya. Mahali ambapo mtu anaulizwa habari za watoto wake anatupa shuka chini, ndipo unapotaka mtoto akulie? Nauliza tu.

Cheti nakitafuta. Kopo la vifungo nililihamisha.

Dada yako


16 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama na ndoo yake wasalimie. Mafua ya Kifungo yalikuwa ya kifua au ya pua? Ungeniandikia wakati anaumwa, hata mstari mmoja.

Swali lako nimelisoma, na nalijibu hivi. Ndiyo, hapa hapa. Kwa sababu hapa ndipo nilipo.

Cheti, dada. Kopo ni moja na chumba ni kimoja.

Huku mambo yaliharibika kabla ya kutengenea kidogo. Kwenye nyumba ninayopanga kuna bibi anakaa chumba cha chini, ana mbwa mnene rangi ya karanga. Mwezi uliopita nilimkuta mlangoni na mzigo wake, nikaupokea kwa heshima zote, nikamuuliza, "Bibi, ndani unaishi na nani?" Nilitaka kujua tu nimsalimie nani mwingine. Alininyang'anya mzigo. Kesho yake mtunza jengo akapanda mpaka mlangoni kwangu. "Kuna malalamiko. Unapeleleza nani anaishi peke yake." Nikamwambia nilikuwa nasalimia. Akasema, "Salamu gani hiyo? Mara ya pili nitaandika barua ofisini."

Ofisi ni ile ile ya fomu yangu, dada. Nilikaa kitandani nikaona mtoto wangu anafutwa kwa sababu ya adabu tuliyofundishwa na Mama.

Basi nikageuka mwanafunzi wa upepo. Kila asubuhi nikimkuta bibi uani, nasimama mbali, nasema, "Leo jua." Anasema, "Halitadumu." Naondoka. Kesho, "Kweli halikudumu." Siku ya nane akaniambia mwenyewe, "Mbwa hapendi mvua." Nikasema, "Hata mimi." Siku ya kumi na mbili mbwa akaninusa kiatu na bibi hakumvuta kamba.

Jumamosi nilimkuta anaanua shuka kwenye kamba ya uani. Upepo ulikuwa mkali. Alilibana shuka kwa kidevu, mikono yote miwili imenyooka, linampiga usoni, analikunja hivyo hivyo peke yake. Nikaona kwa namna shingo ile ilivyozoea, amekunja mashuka hivyo miaka mingi. Nilikwenda nikashika pembe mbili nikarudi nyuma. Na mikono yake ikajua, dada! Akarudi nyuma, akanyoosha, tukasogeleana. Pembe zilipokutana akaniambia taratibu, "Haya. Sasa umejua naishi na nani."

Nikamwambia na mimi naishi hivyo hivyo, ila nina mtoto, yuko mbali, ana miaka minne, anapanga vifungo kwa rangi. Akauliza, "Anaogopa mbwa?"

Amekubali kuweka sahihi. Wa kwanza huyo. Bado mmoja, na bado cheti.

Mdogo wako


27 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yangu ya Juni hukuijibu. Kama Mama anaumwa niambie. Kama Kifungo anaumwa niambie. Kama ni wewe, niambie pia, hata kama ni la moyoni.

Mrefu amerudi kwenye meza yangu. Hakuomba, hakueleza, alikuja tu asubuhi akashika pembe zake. Nilishaapa kutomuuliza kitu. Nikasema, "Leo joto." Akasema, "Joto." Tukaenda hivyo wiki tatu, dada, mashuka mia kwa siku, na joto letu na mvua yetu. Halafu Alhamisi, mimi sijauliza, tulipokutana akasema, "Nina binti." Tukarudi nyuma. Tukasogeleana. "Ana miaka minane." Tukarudi nyuma. Nilikuwa nasubiri kila pembe kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Anakaa na baba yake na mke mwingine." Shuka jingine. "Mimi napewa Jumapili mbili kwa mwezi."

Mashine zilikuwa zinanguruma, na mimi nikaelewa kile nilichomuuliza siku ile, kwa tabasamu.

Jana akaniambia jingine. Wakati binti yake alipoanza kuja hizo Jumapili, alikuwa anamhoji. Unanipenda? Umenikumbuka? Kule wanakuambia nini juu yangu? Mtoto akawa anaumwa tumbo kila ikifika Jumamosi. Mpaka siku moja Mrefu akachoka, akakaa naye dirishani wakahesabu watu wenye miavuli. Jumapili iliyofuata mtoto alikuja mbio.

Ameweka sahihi. Wenyeji wangu wawili wametimia. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa kazi ngumu.

Dada, zimebaki wiki kumi. Sikuulizi tena kopo liko wapi. Nakuuliza wewe uko wapi.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, sote wazima, hakuna anayeumwa. Hiyo ndiyo aibu yangu, sina hata ugonjwa wa kusingizia.

Cheti kimo humu, kwenye kadibodi niliyoikata kwenye boksi la fulana, kisipinde. Hakikupotea hata siku moja. Kopo nililipandisha juu ya kabati mwezi wa pili, siku ile ile nilipopata barua yako, na vifungo nikamnunulia mtoto vingine.

Neno sikuliruka. Alianza kuniita Mama Mkubwa kama kawaida, halafu mwezi wa tatu akaanza kuishia katikati. Mama. Wateja wakasikia, wakaona ndivyo. Nilipaswa kumrekebisha. Kila siku nilisema kesho nitamrekebisha. Wewe unanijua, miaka kumi na minne ya ndoa na hospitali, na mwisho mume akaondoka na mimi nikabaki na cherehani. Halafu mtu anatoa kichwa chini ya meza anakuita hivyo mbele za watu. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Usinijibu.

Na kuna baya zaidi. Barua zako sikumsomea. Nilizisoma mwenyewe, nikaziweka. Ile ya simu ni kweli alikaa mlangoni na hakula, sikudanganya, lakini nilifurahi kupata sababu.

Yule bibi wako na kidevu chake ndiye aliyenimaliza. Juzi nilikuwa nakunja pazia la mteja, nikajikuta nimelibana kidevuni. Nikamwita Kifungo, nikamwambia shika huku. Ni mfupi, pazia likaburuta chini, lakini alishika. Akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, mama yako. Akanitazama sana. Akasema, "Wewe?"

Ndipo nikashusha kopo.

Kichukue, kipeleke, fanya unavyotaka. Mimi sina la kujitetea.

Dada yako


29 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Na Mama mwambie shikamoo yake nimeiweka kando, ni ndefu.

Cheti kilifika tarehe kumi na saba. Afisa amekipokea na fomu, amepiga mhuri mbele yangu, siku kumi na tano kabla ya siku ya mwisho. Wenyeji wangu amewapigia simu wote wawili. Bibi alinihadithia uani huku anacheka peke yake. Afisa alimuuliza, "Mkikutana mnaongea nini?" Akasema, "Mvua." "Mvua tu?" "Na mbwa. Wewe kijana, umewahi kuongea mvua na mtu yule yule kila siku usimfahamu? Ana binti anapanga vifungo. Kama anaogopa mbwa, bado hatuna hakika." Mrefu yeye aliulizwa ananifahamu kiasi gani, akasema, "Mashuka elfu nane." Nimeona kwenye fomu afisa ameyaandika hivyo hivyo.

Sasa wewe. Nilikasirika, dada. Siwezi kukudanganya. Barua yako niliikunja nikaitupa chini ya kitanda, siku mbili nikawa nafagia nikiizunguka. Miezi minane nilikuwa namwandikia mtoto wangu nikidhani ananisikia. Ile ya kumbusu pande zote mbili, kumbe iliishia kwako.

Siku ya tatu nilimwambia Mrefu, kidogo kidogo, kwenye pembe. Nilidhani atakutukana, nami nilikuwa tayari kumsaidia. Tukakunja mashuka mawili. Halafu akasema, "Angalau huyo anampenda." Akarudi nyuma na pembe zake. Jioni nikaitoa barua chini ya kitanda.

Usimkataze kukuita Mama. Aliyekuwa anampangusa makamasi ni wewe. Akiacha aache mwenyewe. Ninachoomba ni kimoja, msomee barua zangu zote, kuanzia ile ya Februari, moja kila siku, na usiruke mahali. Hata pale niliposema umeruka neno, pasome.

Na akija, usiwe na wasiwasi nitamfanya nini. Nimeshajifunza. Sitamuuliza kama ananikumbuka. Sitamuuliza ananipenda nani. Nitasimama mbali kidogo, nitamwambia, "Leo kuna upepo," na nitasubiri hata wiki tatu.

Ukisikia upweke, usikunje kwa kidevu. Mwite Mama akushikie, anaweza kukaa kwenye ndoo.

Mdogo wako


11 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Kibali ulichotuma kilifika, kwa hiyo barua hii hapiti nayo mtu wa posta, anakuletea Kifungo mwenyewe. Iko kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la bluu, nimeushona kwa uzi mwekundu uuone haraka. Mwalimu mmoja wa shuleni anayesafiri kwa ndege hiyo hiyo atamshika mkono mpaka kwako. Usimshukuru sana, anapenda kushukuriwa.

Barua zote nimemsomea. Ya Februari alitaka irudiwe siku nne. Niliyokuandikia Agosti pia nilimweleza yote, sikutaka aje kuyasikia kwako. Alisikiliza, akaniuliza kama kopo bado liko juu ya kabati. Nikamwambia hapana. Akaendelea kupanga vifungo. Kwenye begi kuna vifungo ishirini na saba, alivihesabu yeye, vya kwako ni vile vya bluu. Mbwa naye amemchagulia kimoja cha rangi ya karanga.

Mama na mimi jana tulikunja mapazia yote ya mteja. Alikaa kwenye ndoo. Alilalamika mwanzo mpaka mwisho.

Sasa hivi nampiga kitana, anatikisa kichwa ndiyo maana mwandiko umepinda. Amenyamaza tangu aamke. Nilianza kuogopa. Niliogopa ataniuliza kwa nini anaondoka, au ataniuliza mimi ni nani yake. Nikasema moyoni, haya, akiuliza nitajibu.

Amegeuka amenishika kidevu. Ameuliza, "Huko leo kuna mvua?"

Nimemwambia hilo sijui. Akafike, akuulize wewe.

Dada yako